Mikono Miwili kwenye Basi la Eglinton

Lawrence Heights, Toronto
14 Julai 1997

Yvan,

Mkono unaoandika ni wa mama yako Épiphanie, maneno ni yangu. Akipunguza neno nitajua, maana nitamwambia anisomee mara mbili.

Umehama Toronto bila kuniaga. Nimelea watoto saba na wajukuu kumi na mmoja, na wote walioniacha walikuwa na sababu: vita, ndoa au kifo. Wewe sababu yako ni ipi? Mama yako anasema umepata kazi Ottawa. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali ulikuwa nayo hapa hapa. Au mashuka ya Ottawa yananukia vizuri zaidi?

Sikiliza. Tarehe nne ya mwezi wa kumi wakwe wanakuja kumposa dada yako Amandine. Baba yako yuko kaburini, wajomba zako tumewaacha Burundi, wengine chini ya udongo na wengine hatujui. Mwanaume wa nyumba hii ni wewe. Wewe ndiye utakayekaa kiti cha mbele, na wewe ndiye utakayewajibu wakiomba mtoto. Mama Pulchérie wa kwaya amejitolea mume wake akae badala yako. Nimemwambia mume wake akakae kwake.

Macho yangu usiyawazie. Kwa yule daktari uliyesema utanipeleka, Amandine atanipeleka. Utando umezidi kidogo, sura ya mtu siipati mpaka anikaribie, na wengine ni afadhali nisiwaone.

Mama yako anauliza kama nina lingine. Ninalo, lakini si la kusema mezani huku mchele unachaguliwa.

Usisahau kula kitu cha moto.

Bibi yako Générose
(nimeweka dole gumba hapa, wino umenichafua)


Ottawa
2 Agosti 1997

Bibi yangu,

Nakusalimu wewe, na Mama unayesoma, na Amandine ambaye najua amesimama nyuma yako anachungulia.

Niko salama. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha mikate, natoka nikinukia hamira. Chumba changu kina dirisha.

Oktoba sitaweza kuja. Naomba msinikasirikie. Mume wa Mama Pulchérie akae kwenye hicho kiti. Mimi nadhani si mtu wa kukikalia.

Mama, msomee Bibi hapa polepole. Bibi, ile Jumamosi ya Juni niliyokuahidi kukupeleka kwa daktari wa macho, nilikwambia nimeitwa kazini. Sikuitwa. Nilikudanganya, na kosa hilo linanikaa kifuani kila siku. Wewe hukufanya lolote. Usije ukafikiri nilihama kwa sababu yako.

Nikumbukeni kwenye sala.

Yvan


Toronto
19 Agosti 1997

Yvan,

Mkono umebadilika. Huyu anayeandika ni Noordin, yule Mhindi aliyekuwa na duka la vitenge Bujumbura, aliyekuwa akinipimia kwa rula ya mbao na kunipunja kidole kimoja kila yadi. Sasa anauza mchele na unga wa muhogo hapa kwenye plaza ya maduka. Nimekaa juu ya gunia lake nyuma ya duka. Nimemwapisha kwa msikiti wake na kwa kanisa langu. Anaandika bila kuinua kichwa, na nilipomtaja kidole cha yadi amekohoa, lakini ameandika.

Jibu lako litume hapa dukani, lisije nyumbani. Simu siitaki. Simu yetu imetundikwa sebuleni, hata ukinong'ona mwenye masikio anapata sehemu yake.

Mama yako aliposoma "wewe hukufanya lolote", niliomba maji. Nikayashika tu, sikuyanywa.

Mtoto wangu, ile Jumamosi nilikuwa kwenye basi la Eglinton. Nilipoona hunipeleki kwa daktari, nilifuatana na Mama Pulchérie na mwenzake wa kwaya kwenda Mount Dennis kumwona mama aliyejifungua. Nilibeba kikapu na chupa ya uji. Basi lilijaa. Msichana mmoja mrefu, amevaa gauni la kijani, akainuka akanipa kiti chake. Mama Pulchérie akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema kwa Kiswahili, huyu si msichana, huyu ni mwanaume aliyepakwa rangi. Walidhani ni Mjamaika, hasikii. Wakacheka. Na mimi nikasema neno. Unalijua ni neno gani, sitamwandikisha Noordin.

Ulikuwa wewe. Ulipoleta lile sanduku lako tukutunzie, bila kusema kwamba unahama, nililifungua. Unanijua, sina adabu na masanduku. Nikakuta gauni la kijani limekunjwa chini kabisa, na kiatu chake. Ndipo nikajua. Pale kwenye basi sikujua, nakuapia. Macho yangu unayafahamu.

Nisamehe. Mtu mwenye macho mabovu husema ovyo. Njoo Oktoba, ukae mahali pako.

Bibi yako Générose


Ottawa
5 Septemba 1997

Bibi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni.

Miezi mitatu nimelala na neno lile. "Aliyemzaa huyu, bora angezaa jiwe, angalau lingejengea nyumba." Nilikuwa nimeshika chuma cha basi juu ya kichwa chako, nikitazama kitambaa chako cha kichwani nilichokununulia mimi, na nikalisikia lote. Niliwaza, basi ndivyo Bibi anavyofikiri kweli, anapokuwa hajui kwamba namsikia. Ndiyo maana nilihama. Nilijua siku moja mngejua, na hilo ndilo lingekuwa jibu lako.

Sasa unaniambia hukunijua. Bibi, hilo linabadilisha kila kitu. Ulimsema mtu baki. Vibaya, lakini mtu baki. Na kama hukuona, nani aliyekunyima daktari siku ile ile? Ni mimi.

Acha nikueleze siku yenyewe, maana sijamweleza mtu, na Mzee Noordin namwomba radhi.

Kuna saluni moja mtaa wa Queen, chini ya ngazi. Mwenyewe ni dada wa Guyana, anaitwa Savitri. Nilipita mlangoni pake karibu mwaka mzima ndipo nikaingia. Akaniambia nije Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya wateja wake, na hakuuliza kwa nini. Alininyoa ndevu mara mbili. Alinitoa nyusi kwa uzi, nikatoa machozi, akaniambia wanaume wote wanalia hapo, hata wanaokuja na bibi harusi wao. Kisha akauliza nataka kufanana na nani. Nikasema nataka kufanana na mtu asiye na haraka. Akacheka, akanichagulia wigi fupi, akanipaka poda na rangi ya mdomo iliyotulia, akanipaka na kucha. Aliponigeuza kwenye kioo macho yalinijaa. Akanipa karatasi ya kufutia macho, akasema usiharibu kazi yangu.

Nilitoka nje, Bibi. Hicho tu, nilitoka nje mchana. Nilipanda tramu mpaka ziwani. Upepo ulinipiga miguuni na sikujua miguu ina masikio namna ile. Nilinunua aiskrimu. Mama mmoja Mzungu mwenye kigari cha mtoto aliniomba nishike upande mmoja tushuke ngazi, tukashuka, akaniambia ahsante mama, akaenda zake. Mchana ule hakukuwa na mtu Toronto nzima mwenye furaha kunizidi.

Si kwamba nataka kuacha kuwa mwanaume. Sijui kulieleza vizuri. Siku nyingi mimi ni Yvan na suruali yangu na inanitosha. Kuna siku hainitoshi. Hizo siku hazimdhuru mtu, lakini nimezificha kama mwizi.

Kisha nikapanda basi la Eglinton kurudi chumbani kwangu, mkaingia ninyi watatu.

Nami nina dhambi yangu ya kukuambia. Ulipopanda, kabla hujafungua mdomo, niliona soksi zako ndani ya ndala na lile koti la kanisa lisilofunga, na nikaona aibu. Niliomba moyoni usinisogelee. Mimi ndiye niliyekukana kwanza. Halafu basi likayumba, ukapepesuka, nikajikuta nimeshasimama.

Basi yamekwisha. Nakusamehe, nawe nisamehe. Nitakuja Oktoba. Nimeshaomba ruhusa kazini na nimeshanunua tiketi. Kiti cha mbele nitakaa, na suti ya Baba nitaivaa, na nitawaringia wakwe mpaka waombe maji.

Mjukuu wako,
Yvan


Toronto
15 Septemba 1997

Yvan,

Noordin amenisomea barua yako. Alipofika kwenye aiskrimu alisimama kidogo, akavua miwani, akaipangusa, akaendelea. Nilimwambia asome tena pale unaposema umenisamehe. Akasoma. Nikamwambia arudie. Akaniuliza, Bibi Générose, una nini, mtoto anarudi, mbona unakaa kama aliyefiwa?

Nikarudi nyumbani. Mama yako nimemkuta anapiga pasi suti ya baba yako, kumbe umeshampigia simu kwamba unakuja, anaimba. Miezi mitatu sijamsikia akiimba. Nikasema moyoni, nyamaza, mwanamke mzee, nyamaza uzikwe nalo. Nimenyamaza siku tatu.

Nilikujua.

Andika hivyo hivyo, Noordin, usilipambe. Nilikujua pale pale kwenye basi, kabla sijasema lile neno.

Macho hayakuiona sura, hilo ni kweli. Niliona kijani na urefu. Lakini ulipoinuka ulikipokea kikapu changu. Ulikipokea kwa mikono miwili, ukakunja goti, ukainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto. Watu wa mji huu wakikusaidia mzigo wanauvuta kwa mkono mmoja kama wanachomoa muhogo. Ni nani aliyekufundisha kumpokea mkubwa hivyo, ukiwa na miaka minne, ukilia kwa sababu goti linauma? Ni mimi. Nilikuchapa mpaka ukaweza. Mjukuu wangu alikuwa salama ndani ya hizo nguo, hakuna ambaye angemjua, na adabu niliyompa ndiyo iliyomleta mbele yangu.

Nikakaa kwenye kiti chako, bado kina joto lako. Mama Pulchérie akaanza kucheka. Akamwambia mwenzake, mtazame anavyopiga goti, huyu labda ni wa kwetu. Niliona akitazama zaidi angekujua, maana ndiye aliyekubeba siku ya ubatizo wako. Nikaona kanisa zima, nikaona watu wanamhama mama yako kwenye benchi, nikaona wakwe wa Amandine wanageuza njia. Nikataka kumgeuza macho. Nikatafuta neno la kumfanya acheke mpaka asahau kutazama. Nikalipata, na nikalisema kwa nguvu kuliko wote.

Sikusema kwa kutokujua. Nilisema kwa kujua. Na aliyekuzaa ni mwanangu mwenyewe, Épiphanie, niliyemtoa tumboni. Wote wawili niliwatemea mate kwa pamoja ili Mama Pulchérie asije akaninyima salamu.

Ningeweza kukwambia nilikuwa nakulinda. Nimejaribu kulisema hilo peke yangu jikoni na halikai mdomoni. Nilikuwa najilinda mimi. Wewe ulikuwa unahitaji kitu kimoja tu, ninyamaze, nikushike mkono nikishuka. Sikukushika. Nilishuka, nikakuachia kikapu mkononi, ukaninyooshea dirishani kwa mikono ile ile, nikakipokea bila kukutazama.

Na lile sanduku. Sikulifungua kwa udadisi. Nililifungua nikilitafuta gauni. Nilitaka lisiwemo.

Ulimsamehe bibi kipofu, na bibi kipofu hayupo. Msamaha wako ni mtamu lakini si wangu, nimeushika kama nguo ya mtu. Nakurudishia. Sasa unajua, amua upya. Usipokuja sitakulaumu, na mama yako nitamwambia kosa ni langu, ingawa siri yako sitaitoa. Hiyo ni yako.

Générose

(Bibi alinikataza kuongeza neno. Naongeza moja: alisema yote haya amesimama. Nilimpa gunia, alikataa kukaa. Noordin)


Ottawa
29 Septemba 1997

Bibi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi.

Mama Pulchérie angenisema mpaka kesho, ningekwenda nyumbani nikanawa uso. Yeye alicheka mtu asiyemjua. Wewe ulinijua, ukakaa kwenye kiti changu, ukasema bora ningezaliwa jiwe. Nilikuwa nimepata pa kujificha, kwamba hukuniona. Umepabomoa.

Sitakuja tarehe nne. Tiketi nimeirudisha. Mama nimempigia simu kwamba kiwanda kimekataa ruhusa. Amelia. Hilo nalo tugawane.

Naomba usiniandikie kwa muda. Sijui muda gani.

Barua yako sijaichana. Sijui kwa nini nakwambia.

Yvan


Toronto
7 Oktoba 1997

Yvan,

Umeniomba nisiandike na ninaandika. Ongeza hilo kwenye makosa yangu. Hii ni ya mwisho mpaka wewe utake nyingine.

Nakupa habari za Jumamosi kwa sababu dada yako ni wako. Wakwe walikuja watu kumi na wanne, wamevaa. Mume wa Mama Pulchérie alikuja na tai nyekundu, akaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha mbele. Akanikuta hapo. Nilikuwa nimeshakikalia mimi.

Akasema, Mama, hapa ni mahali pa mwanaume. Nikamwambia mwenye mahali hapa yuko hai, yuko Ottawa, na mpaka aje mwenyewe hakuna suruali nyingine itakayokaa hapa. Mama Pulchérie akaninong'oneza kwamba nawaaibisha mbele ya wageni. Yvan, hilo neno aibu. Mwaka huu nimelinunua kwa bei yako. Nikamwambia asogee, ananizibia wakwe.

Mzee wao akasimama, akaomba mtoto wetu kwa maneno marefu. Ilikuwa zamu yangu. Sikujua wanaume hujibu nini, siku zote nilikuwa jikoni wakati huo. Nikamuuliza jambo moja. Nikamwambia, mtoto huyu siku moja atafanya jambo ambalo hamkulitarajia, watoto wote hufanya. Siku hiyo, mbele za watu, mtamjua au hamtamjua? Mzee akacheka, akidhani ni mzaha wa posa. Sikucheka. Kijana mwenyewe ndiye aliyejibu, akasema, Bibi, nitamjua. Nikawapa mtoto. Amandine alinikumbatia shingoni, akalia, hajui nililia nini mimi.

Mama yako nimemwambia kwamba wewe hukukataliwa ruhusa, kwamba nilikuumiza kwa mdomo wangu na ndiyo maana hukuja. Aliuliza nilisema nini. Nikamwambia hilo ni letu wawili. Hajaniongelesha tangu juzi. Ananiwekea chakula na kuondoka. Ni haki yangu.

Sasa, sikukuandikia nikuombe msamaha tena. Nimeomba, umejibu. Nimeandika kukwambia ninakuja. Daktari wa macho amenipangia mwezi wa kumi na moja, sitamngoja. Noordin amenikatia tiketi na ameniandikia karatasi ya kumwonyesha dereva. Nitaondoka Jumamosi tarehe kumi na nane saa tatu asubuhi, peke yangu, na basi linafika Ottawa saa nane na nusu mchana. Sijawahi kusafiri peke yangu katika nchi hii. Noordin anasema nitapotea. Nimemwambia nimetoka Bujumbura kwa miguu na watoto watatu, barabara yenye vyoo haitanipoteza.

Usipokuja kituoni, nitakaa kwenye benchi mpaka basi la jioni, nitarudi, na nitakuwa nimepata haki yangu. Huna deni nami.

Ukija, njoo na nguo unayoitaka wewe. Ukija na suruali, vizuri. Ukija na gauni, vizuri, na umwambie Savitri nimesema kazi yake ni safi. Lakini usisimame pembeni ukingoja kuona kama nitakujua. Nitashuka ngazi za basi, na sitaona sura ya mtu yeyote, kwa hiyo sitangoja kukuona. Nitaanza kuita nikiwa bado mlangoni. Nitaita kwa ile sauti niliyouzia samaki wa ndagala sokoni miaka ishirini, ile mama yako anayonikataza kanisani: mjukuu wangu, mjukuu wangu.

Watakaogeuka wageuke.

Bibi yako
Générose